Kompyuta ya baiskeli kwa safari ndefu: Uliza betri na ramani kabla ya kuuliza bei

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MWENDESHA baiskeli anayetoka jijini Mwanza kwenda Musoma ana kilomita zipatazo 220 mbele yake. Akiwa na baiskeli nzito ya chuma, ile tuliyoizoea huku Kanda ya Ziwa, na akiweza kushikilia mwendo wa kilomita 18 kwa saa, atahitaji zaidi ya saa 12 za kukanyaga pedali, bila kuhesabu muda wa kunywa chai Magu wala wa kuziba pancha. Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi, na kuzama karibu na saa 1 jioni. Mchana mzima, kwa maneno mengine, haumtoshi.

Ugumu wenyewe hauko miguuni peke yake. Baada ya Lamadi barabara hiyo inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, na tembo wa huko hawajaambiwa kwamba lami ndiyo mpaka. Aliyefika Lamadi saa 11 jioni anatakiwa kuamua: alale hapo, au ajikaze hadi Bunda? Uamuzi huo unategemea mambo mawili, yaani umbali uliobaki na mwendo wake halisi wa siku hiyo. Hiyo ndiyo saa ambayo kifaa kidogo kilichofungwa kwenye usukani hurudisha gharama yake. Na ndiyo saa ambayo, kwa wengi walionunua kwa pupa, kioo huwa kimekwisha kuwa cheusi.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Kifaa chake cha kwanza, alichokinunua kwa kuvutiwa na rangi za kioo, kilizimika kabla ya kufika Lamadi, na akalazimika kuuliza njiani kila alipokutana na mtu. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba Bunda si mbali. Wasukuma ni watu wakarimu, wala hawapendi kumvunja moyo mgeni aliyechoka.

Kanda hii haihitaji kufundishwa baiskeli. Mwanza, Shinyanga na Simiyu zimeishi na baiskeli kwa vizazi kadhaa, zikibeba pamba, mkaa, maziwa, wagonjwa na maharusi. Lakini safari ndefu za kujifurahisha na za mazoezi ni jambo ambalo wakazi wa mijini wameanza kulifuatilia zaidi katika miaka ya karibuni, hasa baada ya jirani zetu Rwanda kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Walioyatazama kwenye runinga waliona kwenye usukani wa karibu kila mshindani kijisanduku chenye ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo. Hicho ndicho kinachoitwa kompyuta ya baiskeli, na swali ambalo huja baada ya hapo ni lile lile: ninunue ipi?

Kabla ya kulijibu, ni vema kueleza kinavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hununua bila kujua. Kifaa hupokea mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zinazozunguka dunia katika umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu yetu. Kikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupima tofauti ya muda wa mawimbi kufika na kukokotoa mahali kilipo. Vifaa vya siku hizi husikiliza pia mifumo mingine, ikiwamo GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Ilipoacha kufanya hivyo, ndipo vifaa vya aina hii vilipopata maana, na miaka michache baadaye kampuni ya Garmin ikaanza kuuza Edge 305, kifaa kilichodumu na chaji kwa saa 12.

Jambo moja lisisitizwe hapa, maana linawapotosha wengi. Kupokea mawimbi ya setilaiti hakuli bando. Kifaa hakihitaji laini ya simu wala mnara. Kinachohitaji intaneti ni kupakua ramani, jambo linalofanyika nyumbani, na kutuma mahali ulipo kwa jamaa zako wakati uko njiani, jambo linalopitia kwenye simu yako na kukoma pale mtandao unapokoma. Anayemwahidi mkewe kwamba atamwona kwenye ramani muda wote wa safari amwambie pia kwamba yako maeneo ambayo nukta itasimama, na kwamba kusimama kwa nukta si ajali.

Aidha, ni haki kumwambia msomaji kwamba huenda hahitaji GPS kabisa. Kipo kifaa cha bei nafuu kinachotumia sumaku iliyofungwa kwenye spoku na kihisi kilichofungwa kwenye uma wa mbele. Kila sumaku inapopita, kifaa huhesabu mzunguko mmoja wa gurudumu. Betri yake ya duara, mfano wa ile ya saa, hudumu miezi mingi. Hakikuonyeshi njia, ila barabara ya Mwanza hadi Musoma ni moja na haina mafumbo.

Kasoro yake ni kwamba kinategemea kipimo unachokiingiza mwenyewe. Vifaa vingi huja vikiwa vimepangwa kwa magurudumu membamba ya baiskeli za mashindano, ambayo mzunguko wake ni milimita zipatazo 2,105. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli ya Phoenix ni kubwa zaidi. Likiwa na mzunguko wa milimita 2,240, kwa mfano, na kifaa kikaachwa kama kilivyotoka dukani, safari ya kilomita 220 itasomeka kuwa kilomita 207. Aliyeko Lamadi akihesabu kilomita zilizobaki hadi Bunda hataki makosa ya namna hiyo. Dawa yake ni rahisi: weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, ikalie baiskeli ili tairi libonyee kama linavyobonyea safarini, isogeze mbele hadi alama irudi chini, kisha pima urefu kwa futikamba. Namba hiyo ndiyo ya kuingiza.

Kwa anayetaka GPS, swali la kwanza ni hili: utapita saa ngapi njiani kabla ya kupata soketi yenye umeme?

Chukua safari ambayo waendesha baiskeli wengi wa ukanda huu huiota, yaani kulizunguka Ziwa Victoria. Unatoka Mwanza kupitia Musoma na Sirari, unaingia Kenya hadi Kisumu, unavuka Busia (mji ambao usafiri wa baiskeli wa kuvusha watu mpakani ndio uliozaa neno bodaboda), unapita Jinja, Kampala na Masaka, unarudi Tanzania kwa Mutukula, kisha Bukoba, Muleba, Biharamulo na Geita. Jumla ni takriban kilomita 1,500. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hizo ni saa 75 za kuendesha.

Sasa linganisha na ahadi za watengenezaji. Wahoo Elemnt Bolt ya mwaka 2021 ilitangazwa kuwa na saa 15, na ndugu yake Roam ya 2022 saa 17. Garmin Edge 540 ya mwaka 2023 hutajwa kuwa na saa 26, na Edge 1040 ya mwaka 2022 saa 35 katika matumizi mazito, au 70 katika hali ya kubana matumizi. iGPSPORT BSC100S, ya Kichina na ya bei ya chini, inatajwa kufikia saa 40 kwa sababu kioo chake hakina mbwembwe. Coros Dura, iliyotoka mwaka 2024, inatajwa kufikia saa 120. Kwa hiyo mwenye Bolt atahitaji kuchaji mara nne au tano katika mzunguko wa ziwa, mwenye Edge 1040 mara mbili, mwenye BSC100S mara moja, na mwenye Dura, kwa hesabu za karatasi, hatahitaji kuchaji hata mara moja.

Kwa hesabu za karatasi, narudia. Saa hizo hupimwa katika mazingira ambayo mtengenezaji ameyachagua. Ukiwasha mwanga wa kioo, ukafungua ramani, ukaunganisha simu na vihisi vitatu, chaji hushuka upesi zaidi. Betri nayo huzeeka. Kifaa cha miaka minne hakina nguvu ya siku kilipofunguliwa boksi. Mimi huchukua theluthi mbili ya saa zilizoandikwa kwenye boksi na kuzihesabu hizo tu. Kwa kipimo hicho kifaa cha saa 15 ni cha saa 10, nacho hakikufikishi Musoma kwa baiskeli nzito. Kwa kijana mwenye baiskeli nyepesi anayekimbia kilomita 30 kwa saa, safari hiyo ni ya saa saba na kidogo, na kifaa hicho hicho kinamtosha na kubaki. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa klabu ya mbio unaweza kuwa wa kweli kwake na wa hasara kwako.

Vipi kuhusu jua, ambalo huku kwetu halina uhaba? Vifaa vyenye kioo cha sola vipo. Edge 1040 Solar, kwa maelezo ya watengenezaji wake, huongeza hadi dakika 42 kwa kila saa ya jua kali, nacho kikiwa katika hali ya kubana matumizi. Ni msaada, lakini hauwezi kukifufua kifaa kilichokwisha chaji. Pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000 hukijaza kifaa kidogo mara kadhaa na bado ikabaki chaji ya kuwasha simu. Pawabenki na waya mzuri ni uwekezaji wenye akili kuliko nyongeza ya bei unayoilipia sola.

Kuhusu waya, tazama tundu la kuchajia. Edge 530 na 830 za mwaka 2019 hutumia tundu dogo la zamani, wakati 540, 840 na 1040 hutumia tundu la mviringo linalofanana na la simu nyingi za leo. Waya wa aina hii ya pili utauazima katika kila nyumba ya wageni kuanzia Sirari hadi Mutukula. Huo wa zamani unazidi kuwa adimu, na ukikatikia Muleba utajua thamani yake.

Wapo wanaouliza kama dainamo ya taa inaweza kuchaji kifaa. Inaweza, ila si moja kwa moja. Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa umeme wa volti 6 na wati 3, tena unaogeuka mwelekeo kila sekunde mara nyingi, wakati kifaa kinataka volti 5 zinazokwenda upande mmoja. Kinahitajika kigeuzi katikati, na ni vema kigeuzi hicho kichaji pawabenki, kwa sababu umeme wa dainamo hukatika kila unaposimama. Fundi atakayekuambia aunganishe waya moja kwa moja, mshukuru na uondoke na kifaa chako.

Swali la pili ni la ramani, na hapa ndipo wauzaji husema machache.

Vifaa vimegawanyika katika matabaka matatu. Vya chini huonyesha namba tu: mwendo, umbali, muda. Vya kati huonyesha mstari wa njia uliouandaa nyumbani kwenye kompyuta au simu, nawe unaufuata kama uzi juu ya karatasi nyeupe. Hakuna mji, mto wala barabara ya pembeni. Vya juu vina ramani kamili, na ukikosea njia hukupangia nyingine. Kwa barabara kuu ya lami tabaka la kati linatosha kabisa. Kwa anayetaka kuingia vijijini, tuseme kuambaa na mwambao wa Sengerema au Ukerewe, ramani kamili ina maana, lakini kwa sharti kwamba ramani hiyo ni ya huku.

Sharti hilo si dogo. Kifaa kilichonunuliwa Ulaya au kuletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi huwa na ramani ya bara lile tu. Ukikiwasha Nyegezi, unaona nukta yako ikielea kwenye uwanda mtupu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo mawili: je, ramani ya Tanzania imo, na kama haimo, je, kifaa kinakubali kuwekewa ramani nyingine bila malipo? Kingine ni nafasi ya kuhifadhi, kwani anayezunguka ziwa anahitaji nchi tatu.

Ramani za bure zinazotumiwa zaidi hutokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo watu wa kujitolea huchora dunia nzima. Ubora wake hutegemea nani amepita mahali hapo. Kwa bahati, sehemu ya mashariki ya ziwa letu ina historia inayostahili kutajwa. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania ulianza kuchora barabara na vijiji vya Tanzania vilivyokuwa havionekani katika ramani za mtandaoni, na kazi yake mkoani Mara ilihusiana moja kwa moja na kuwasaidia wasichana waliokuwa wakikimbia ukeketaji, ili wanaokwenda kuwaokoa usiku waweze kuipata njia. Leo mwendesha baiskeli anayekata kona vijijini Serengeti na kuiona njia ya vumbi kwenye kioo chake anafaidi kazi iliyofanywa kwa sababu nzito kuliko matembezi yake.

Ramani nayo huchakaa, na mfano mzuri uko mlangoni mwetu. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alisubiri kivuko Kigongo. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, maarufu kama Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3.2 juu ya maji ya ziwa. Kifaa chenye ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo bado kinachora pale mstari wa nukta wa kivuko. Na kama mwenyewe amekiamuru kiepuke vivuko, jambo ambalo wengi hufanya, kinaweza kumpangia safari ya kuzunguka mbali kwa nchi kavu, kikiwa na uhakika wote wa mashine. Sahihisho lake ni la dakika chache: pakua ramani upya kabla ya kila safari kubwa, na usiridhike na ile iliyokuja na boksi.

Upande wa magharibi jambo hili lina uzito zaidi. Kati ya Muleba na Biharamulo barabara hupita katika mapori ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Makazi ni ya kuhesabika, na asiyejua kituo kijacho kiko umbali gani asiingie mchana ukiwa umekwisha. Katika vipande kama hivyo namba inayofaa kuwa kubwa kuliko zote kwenye kioo ni umbali uliobaki hadi mji unaofuata. Mwendo wa sasa, ambao wengi huuweka juu kabisa, ni wa kujifurahisha tu.

Kuna jambo jingine linaloleta ubishi katika vijiwe vya waendesha baiskeli, nalo ni kimo. Kwa nini watu wawili walioongozana kutoka Mwanza hadi Geita hupata jumla tofauti za kupanda milima? Vifaa vizuri hupima kimo kwa mgandamizo wa hewa: ukipanda, hewa hupungua. Tatizo ni kwamba hewa hupungua na kuongezeka hata wewe ukiwa umekaa. Katika nchi za karibu na Ikweta mgandamizo hufika juu karibu na saa 4 asubuhi na kushuka hadi saa 10 jioni, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukifanya kifaa kilichoachwa mezani Kirumba kiamini kwamba kimepanda kilima cha mita 25 au 30 bila kutoka chumbani.

Sisi wa pwani ya ziwa tuna bahati ambayo wengine hawana. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kuondoka, simama ufukweni, ingiza namba hiyo, na kila unaporudi majini, iwe Musoma, Kisumu au Bukoba, una mahali pa kukisahihisha. Ziwa lina kina kinachopanda na kushuka, lakini tofauti hiyo ni ya mita chache. Kitundu cha kupumulia cha kifaa kisizibwe na tope jekundu, maana hapo kimo husimama pale pale hata kama unapanda vilima vya Kisii.

Usahihi wa mahali penyewe haupaswi kumsumbua sana mnunuzi. Baada ya jua kutua, tabaka la juu la anga katika ukanda wetu huchafuka na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti. Vifaa vinavyopokea masafa mawili, zikiwamo Edge 1040, Edge 540 na Dura, hustahimili zaidi. Lakini hata kifaa cha kawaida hukosea kwa mita chache tu, na mita chache hazimpotezi mtu barabarani. Anayetaka kukipima kifaa chake bila gharama asubiri kufika Ikweta, ambayo mzunguka ziwa huivuka mara mbili: Maseno, kati ya Kisumu na Busia, na Kayabwe, kati ya Kampala na Masaka. Pale kwenye alama, latitudo isomeke sifuri au karibu nayo sana.

Kwa mvua, tafuta alama ya IPX7, yaani kifaa kimepimwa kustahimili maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Mvua za ziwa huja ghafla, hasa usiku na alfajiri, na mfuko wa nailoni hausaidii kifaa chenye kioo cha kugusa kisichosikia kidole kilicholowa. Vitufe ni bora kuliko kioo cha kugusa. Kioo kiwe kinachosomeka juani bila kuwashwa mwanga; kitazame nje ya duka, si ndani chini ya taa. Kishikizo cha usukani kiwe imara, kiwe na kamba ya usalama, na kifaa kiwe rahisi kuchomoa, kwa sababu ukiingia mgahawani Magu na kukiacha nje, usimlaumu mtu.

Je, simu haitoshi? Kwa safari ya saa mbili, inatosha. Kwa siku nzima, hapana. Kioo chake kikiwaka muda wote kinamaliza chaji mapema, jua la saa 7 mchana huipasha joto hadi ijizime, na ikifa umepoteza ramani pamoja na namba ya kumpigia mtu. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo ya pikipiki zenye injini kubwa inaweza kudhoofisha kamera za simu zake zinapofungwa kwenye usukani. Baiskeli haitetemi kwa kiasi hicho, lakini aliyepita barabara ya changarawe yenye mawimbi anajua kwamba haiko mbali sana. Weka simu mfukoni, imezimwa data, iwe akiba.

Vihisi vya mapigo ya moyo na vya nguvu ya pedali ni vya wanaojiandaa kwa mashindano. Msafiri anaweza kuviacha.

Tukija kwenye bei, Coros Dura ilitoka kwa dola 249 za Marekani, kiasi kinachozidi Sh 600,000. Edge 1040 Solar ilitoka kwa dola 750, zaidi ya Sh milioni 1.8, ambazo ni thamani ya baiskeli kadhaa mpya za Phoenix. Anayeagiza nje ajumlishe usafiri, ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa maoni ya mwandishi, asiyetarajia kulala njiani zaidi ya usiku mmoja hana sababu ya kuvuka kiwango cha BSC100S, na fedha inayobaki inunue matairi mazuri na taa ya nyuma. Mwenye ndoto ya kuzunguka ziwa ndiye wa kufikiria Dura au Edge 540 na pawabenki.

Kifaa cha mitumba si dhambi kukinunua, ila kiwashwe mbele yako kwa angalau nusu saa nje ya jengo, na mwenye mali akiondoe kwenye akaunti yake akiwa bado amesimama hapo. Kikigoma kupata setilaiti ndani ya dakika chache uwanjani pasipo na miti, mrudishie.

Halafu kuna jaribio ambalo halipaswi kuachwa hata kwa kifaa kipya. Jumamosi moja kabla ya safari, kichaji hadi kijae, kiwekee njia na ramani kama utakavyokitumia safarini, mwanga wa kioo ukiwa vile vile, kisha endesha kutoka katikati ya jiji hadi Kisesa na kurudi. Ukifika nyumbani angalia asilimia iliyobaki. Kama saa mbili zimekula asilimia 12, kila saa inakula 6, na kifaa chako kina saa 16 na nusu hivi, hata kama boksi linasema 26. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino nyuma ya kifaa, na uirudie hesabu kila mwaka.